Kitenge Chini ya Ringi

Watu wa Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi huku Zambia, wana huruma sana kwenye msiba, lakini uwanjani ni mbwa. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Kaka yangu aliwarukia kwa miaka, na siku walipomchoka hawakumwambia. Walianza tu kuchelewa kufika, halafu wakawa wanafika na kusimama wamempa mgongo, halafu wakawa wanakuja kununua maandazi.

Uwanja wenyewe ni sakafu ya saruji nyuma ya shule, na nguzo mbili za chuma zenye ringi. Shirika moja liliujenga mapema, kabla vyoo vya upande wetu havijapata milango. Tulikuwa tumevuka kutoka Kongo watu watatu, mama, kaka na mimi, baba akiwa amebaki kule chini ya udongo. Tukapewa turubai, jembe na kipande cha shamba. Kaka alipouona ule uwanja, jembe akaniachia mimi, na mpaka leo ninalo.

Alikuwa amejifunza mpira wa kikapu kwa mapadri kule nyumbani. Alikuwa mrefu, mkavu, na miguu yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Angekimbia kutoka katikati ya uwanja, aruke, mkono wake upite juu ya ringi, aubamize mpira ndani mpaka nguzo itetemeke. Hiyo ndiyo kudanki. Sisi wa Kongo tulikuwa tumeisikia sikia. Wavuvi wa upande huu wa ziwa Mweru walikuwa hawajaiona kwa macho yao.

Kila mwaka, siku ya wakimbizi, hotuba zikiisha, paliwekwa mashindano ya kudanki. Mara ya kwanza walikuja hata wachuuzi wa samaki kutoka Kashikishi, wamesimama juu ya kanta, lori dogo, na mabeseni yao matupu, wananuka chisense, vile vidagaa vya Mweru, mpaka mgeni rasmi akasogeza kiti chake. Vijana wengine walijaribu kabla ya kaka. Mmoja aligusa wavu, akashangilia peke yake. Mwingine aliukosa ubao mzima, mpira ukaenda kuangukia sufuria ya wapishi. Kaka akaja wa mwisho.

Alipotua, mama mmoja mnene, hata simjui, alifungua kitenge chake cha juu akakitandika chini mbele ya miguu ya kaka. Kwetu mtu akifanya jambo la kuinua watu, wanawake humtandikia vitenge apite juu yavyo, kama bibi harusi au askofu. Mtu anakuwa amekwisha kusimama, unamtandikia, naye anapita polepole ili aonekane. Yule mama alipotandika, akatandika mwenzake, na wa pembeni, na wale wa Kashikishi nao wakaruka kutoka kwenye kanta na vitenge vyao vya samaki. Kaka alitembea kutoka chini ya ringi hadi meza ya mgeni bila kukanyaga saruji. Mama yetu alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, ameniumiza mkono kwa kuubana.

Tangu siku ile mama alimpima mwanawe kwa vitenge. Mpira kuingia au kutoka, hayo yalikuwa mambo ya vijana. Yeye aliangalia ni nani ametandika, nani amekaza kitenge chake kiunoni na kujifanya anamnyonyesha mtoto aliyekwisha kuota meno.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka uliofuata walitandika, lakini wengi walikuwa wanakwaya wenzake mama, na mtu akitandikiwa na kwaya ya mama yake hiyo ni heshima ya nyumbani tu. Kaka akaona inabidi aongeze kitu. Akaruka baiskeli. Wakashangilia. Mwaka mwingine akaruka baiskeli wakasema tumeiona, basi akaazima mbuzi akamruka mbuzi. Mbuzi kwa woga akajisaidia pale pale kwenye saruji, na watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nani aliona kwamba mpira uliingia? Kwa wiki nzima walisimuliana habari za mbuzi. Kaka alijaribu kucheka nao, na mimi nilitamani kuwachoma moto mmoja mmoja.

Halafu simu zikazidi. Kila kijana aliyepata simu kitu cha kwanza alichotafuta ni wanaume wa Amerika wanaoruka magari, wanaoruka watu wawili waliobebana, wanaozunguka hewani kabla ya kudanki. Na hata wale wa Amerika vijana walikuwa wanawaangalia kwa kidole gumba tu, huyu pita, huyu pita. Sasa kaka yangu na baiskeli yake angekuwa nani?

Mimi hununua chisense Kashikishi na kuuza kambini, kwa hiyo habari za kaka nilizipata pande zote mbili. Siku moja mchuuzi mmoja mwanamke, Mbemba wa huku Zambia anayejua Kiswahili cha sokoni, aliniuliza habari za kaka, yaani yaya kwa Kiswahili chetu, huku akinijazia kopo:

"Yaya yako angali anaruka?"

"Angali."

"Mumwambie apumuzike. Mutoto wangu alinionyesha mu simu mutu mweusi sawa siye, anaruka motokari muzima. Wako anaruka paka kinga, baiskeli tu."

"Na bwana yako anaruka nini?"

"Kazi," alisema, na meza zote za samaki zikacheka, mimi pia. Nilicheka kwa sababu ilichekesha. Njiani kurudi, nikiwa na gunia mapajani, nilimtukana peke yangu mpaka dereva wa pikipiki akauliza kama nasema naye.

Mwaka ule kamati ya michezo ilitangaza kwamba mashindano ya kudanki yatakuwa ya mwisho. Wageni walikuwa wanachoka, mwenyekiti alisema, na yeye mwenyewe alipiga miayo akisema hivyo. Baada ya hapo yatabaki mashindano ya kutupa mpira kutoka mbali, ambayo vijana wote walikuwa wanayapenda, na mbio za magunia. Lakini alitangaza jambo jingine pia. Kocha wa timu moja ya mji wa Kitwe angekuja kutazama.

Mtu asiyeishi kwetu hawezi kujua maana yake. Mkimbizi hatoki kambini akaenda kukaa anakotaka. Anaomba ruhusa biro, ofisi ya wakimbizi, anasubiri, ananyimwa, anaomba tena. Timu ikikutaka, timu ndiyo inakuombea, inakupa kitanda, na mjini unaweza hata kusoma. Kaka alikuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye ndevu, hana mke, hana shamba, hana ufundi wowote isipokuwa ule wa kupanda juu na kushuka. Kitwe ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuwa kitu kingine. Alijua, mama alijua, na waliomcheka walijua vizuri kabisa.

Alifanya mazoezi mpaka viatu vikafunguka mdomo, akavishona kwa uzi wa nyavu. Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta mama ameinamia sanduku. Alitoa kitenge cha waksi alichopewa alipoolewa, alichokibeba kutoka Kongo amekifunga tumboni chini ya nguo. Alikuwa hajawahi kukivaa. Kilikuwa bado kigumu kwa wanga wa kiwandani, kinalia ukikikunjua.

"Mama, ile ni ya nini?"

"Ya yaya yako. Batu basipotandika, mi nitatandika."

"Batacheka, mama."

"Bacheke. Meno ni yabo."

Watu walikuwa wachache na wengi walikuwa upande wa vyakula. Kocha alikuwa mtu mnene mwenye kofia, amekaa karibu na mgeni rasmi na kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akitazama simu yake. Walianza na wale watupaji wa mbali. Palikuwa na kijana mmoja mfupi, mtoto wa jirani zetu wa mtaa wa pili, aliyetupa mpira ukaingia, akatupa ukaingia, bila kuruka hata kidogo, kama mtu anayetupa maganda ya muhogo jalalani. Watu walipiga kelele. Kocha aliweka kikombe chini.

Kaka akaitwa. Mruko wake wa kwanza ulikuwa safi. Sijui kumsifu kwa maneno ya wachezaji. Alipanda, akakaa kule juu muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, akaubamiza mpira, akashuka bila kelele. Mtu mmoja nyuma yangu akapiga makofi, nikageuka nimshukuru. Alikuwa anaua nzi. Nilimwangalia mama. Alikuwa anawakodolea macho wanawake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliyekutana na macho yake alipata kitu cha kutazama chini. Hakuna aliyegusa kitenge chake. Mwanakwaya mwenzake, ambaye mama alimwogesha mtoto wake wa kwanza, alikuwa anachagua andazi.

Mruko wa pili kaka alipanga viti vya plastiki mbele ya ringi. Angeviruka, ageuke hewani, adanki akiwa ameipa ringi mgongo. Alishaufanya mazoezini mara nyingi, nilikuwa nimeuona. Alirudi nyuma mpaka karibu na darasa, akajifuta mikono kwenye kaptula, akaanza kukimbia.

Alipoanza kukimbia, macho yake juu kwenye ringi, ndipo nilipomwona mama akitoka. Alitoka mbio, mwanamke wa umri ule, ameinama, kitenge mkononi kimekunjuka nusu. Nadhani alitaka mwanawe atue moja kwa moja kwenye heshima, ili wale wote waliokaza viuno vyao waone haya. Alipiga magoti akakitandika chini ya ringi kwa mpigo mmoja, akanyoosha pembe, akaondoka haraka kama mtu aliyetega. Kaka alikuwa ameshafika kule juu, mgongo kwenye ringi, mikono miwili kwenye mpira. Mpira uliingia. Nataka ijulikane kwamba mpira uliingia.

Alitua kwa mguu mmoja, na kitenge kile kipya kigumu juu ya saruji laini kikaondoka naye. Goti lilienda upande ambao goti haliendi. Lililia kama mti wa muhogo ukivunjwa.

Na hapo ndipo waliposhangilia. Kelele zile sijawahi kuzisikia pale, hata mwaka wa kwanza. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga vigelegele. Walioko kwenye vyakula walikuja mbio na midomo imejaa. Simu zote zilikuwa juu, na mwanamume mmoja aliyechelewa kuwasha yake alipaza sauti, "Tena! Arudilie!" Pole walimpa baadaye. Walipomaliza kucheka walimpa pole nyingi sana, pole za watu walioshiba.

Mama alikuwa amemkimbilia. Alijaribu kumnyanyua kichwa, akawa anamfuta vumbi usoni kwa pembe ya kile kitenge kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Kaka alimsukuma mkono.

"Toka," alimwambia, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Weye ndiye umeniua."

Walimlaza ndani ya kanta ya shirika, kule nyuma chini ya turubai, ili dereva ampeleke kliniki. Amefumba macho, nikadhani amezimia. Gari la kocha lilikuwa limeegeshwa ubavuni pale pale, naye alikuwa anaingia. Nilimshika mlango. Nilimwambia goti hupona, nilimwambia asubiri kidogo tu, mguu ukinyooka atamwona tena. Alinijibu kwa upole, na nisingejali kama angenitukana.

"Awe, hapana, dada. Mi nilikuya juu ya ule mufupi, mwenye kutupa kutoka mbali. Batu ba kuruka hatubatafute tena. Hata angesimama muzuri, singemubeba."

Yule mfupi aliondoka Mantapala kabla mvua hazijaanza, na begi jipya. Kaka alirudi kutoka hospitali na mguu uliounganishwa ukapona umepinda. Anatembea kwa fimbo.

Video ilizunguka ziwa zima. Mtu aliiwekea muziki na sauti ya mbuzi. Miruko yote ya kaka, miaka yote ile, hakuna aliyeihifadhi, lakini anguko wanalo mpaka wavuvi wa visiwani. Ukifika Kashikishi hawasemi tena yule mrefu, wanasema "ule wa kitenge." Watoto wa kambini walibuni mchezo: mmoja anaruka, mwingine anamtupia tambara chini, anaanguka na kulia "mama, umeniua!" Mchezo huo hauwachoshi. Mwanamke mmoja alimletea mama video kanisani, akamuuliza kwa sauti tamu kama yule aliyepiga magoti ni yeye. Mama aliangalia mpaka mwisho akasema ndiyo, ni mimi.

Kaka alijijengea kijumba mwisho wa kiwanja chetu, akahamia humo, na tangu hapo hajala chakula cha mama. Hamwamkii. Akitaka kitu ananituma mimi, na mama akiwa amesimama pale pale ananiambia mimi jibu ili nimpelekee mtu anayemsikia. Mama hupika bukari, ugali wetu, kila siku, huchukua sahani, huiweka mlangoni kwake na kurudi. Jioni huifuata. Sahani huwa imejaa, au kuku wamekula. Kaka hula kwangu.

Maneno ya kocha niliyaweka. Nilikuwa nimeyapima. Kaka alibaki na kitu kimoja tu duniani, kwamba angeenda Kitwe, kwamba alikuwa amefika na mkono wa mama ukamvuta chini. Nikimwambia ukweli, namwondolea mama mzigo na kumzika kaka mzima mzima. Nikinyamaza, mama ndiye anayekufa, ila yeye anakufa polepole na hapigi kelele. Nilinyamaza, kwa miaka miwili, na kila siku nilimchukia mmoja wao, leo huyu, kesho yule.

Mwaka huu siku ya wakimbizi ilikuja tena, watoto wakatupa mipira yao ya mbali, watu wakashangilia. Sikuenda. Mama naye hakwenda. Alipika samaki aliyevuliwa siku ile, yule mkubwa, akapeleka sahani mlangoni kwa mwanawe. Baadaye nikamwona amechuchumaa pale, anamfukuza kuku, anaondoa bukari iliyodonolewa kwa kidole, anafunika tena sahani kwa kitambaa.

"Pengine ilizidi munyu, chumvi ilinipita mukono," akaniambia.

Niliingia kwa kaka bila kubisha hodi. Alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa, anatengeneza wavu wa watu.

"Yaya," nikamwambia, "ule kochi wa Kitwe hangekubeba. Hata ungetua muzuri, hangekubeba. Alinambia miye kwa kinywa yake. Alikuya juu ya ule mufupi. Kitenge ya mama haikukukosesha kitu."

Nilisubiri aanguke, apige kelele, anirushie fimbo. Alikaza fundo kwa meno, akakata uzi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa mu ile kamiyo ya shirika, pembeni yenu. Nilisikia yote."

Miaka miwili nilikuwa nambeba viganjani kama yai, kumbe alikuwa anajua tangu saa ile ile, goti likiwa bado la moto.

"Sasa juu ya nini unamufanyia mama vile?"

"Mudogo wangu, nikasirikie nani?" Alisema kwa utulivu, kama anayenifundisha kufunga nyavu. "Kochi? Eko Kitwe, hata jina yangu hajue. Bale ba simu? Batanikamata tena video. Mungu? Hajibu. Mama, nikimukatalia leo, kesho anarudia na sahani."

Nilitoka nikauacha mlango wazi. Mama alikuwa jikoni nje, anachambua matembele. Nilimwambia yote, kwa sauti kubwa ili na mwingine asikie: aliyoyasema kocha, na kwamba mwanawe aliyasikia siku ile ile, na jinsi alivyonijibu. Nilimwambia aache. Nilimwambia asimpikie tena hata uji, amwache ajue njaa ni kitu gani. Alichambua majani mpaka yakaisha, akatupa vikonyo, akakung'uta kanga ya mapajani.

"Alisema vile?"

"Alisema."

"Bon, sawa." Alikusanya matembele kwenye ungo. "Na mi nikikufa, atakasirikia nani?"

Hakuwa ananilaumu, wala hakuwa analia. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani atalima shamba. Kisha aliniangalia, kutoka kichwani mpaka miguuni, akainua ile sahani ya samaki akaninyooshea.

"Peleka weye leo," akasema. "Aanze kukuzoea."